Diski haipungui, na si tatizo

Wiki mbili zilizopita kijana tunayefanya naye kazi alinipigia saa nne usiku. Diski ya seva ilikuwa imejaa asilimia 94. Alikuwa ameshafuta rekodi za miaka mitatu kwenye jedwali la kumbukumbu za malipo, na diski haikupungua hata kidogo. "Kaka, nimekosea wapi?"

Hakukosea. PostgreSQL, programu ya hifadhidata tunayoitumia, ukiiamuru DELETE (futa), haing'oi rekodi. Inaiwekea alama tu, kwa sababu huenda kuna mwingine aliyeanza kusoma kabla yako na bado ana haki ya kuiona. Rekodi hizo mfu hukaa ndani ya kurasa za kilobaiti 8 mpaka VACUUM, amri yake ya usafi, ipite. Hata ikipita, nafasi hairudi kwenye diski, isipokuwa labda ya kurasa tupu zilizo mwishoni mwa faili. Inabaki humo humo, ikingoja rekodi mpya.

Hapo wengi hukimbilia VACUUM FULL. Mimi naipinga, tena kwa uchungu. Inaliandika jedwali zima upya kwenye faili jingine, yaani inadai nafasi siku ile ile ambayo nafasi imekwisha. Na inalifunga jedwali: hata SELECT, amri ya kusoma tu, inasimama foleni. Niliwahi kuiendesha mchana, kazini kwangu kwa zamani. Dakika arobaini hakuna mteja aliyeweza kulipa, na simu zote zilikuwa zikiita.

Jedwali linalopokea rekodi kila siku litaijaza nafasi hiyo lenyewe, mradi autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, iachwe ifanye kazi. Ila usiiache na mipangilio yake ya kiwandani kwenye jedwali kubwa. Husubiri asilimia 20 ya rekodi zife kwanza. Kwenye rekodi milioni 100, hizo ni milioni 20. Mimi huishusha hadi asilimia 2 kwa jedwali husika. Na kumbukumbu za aina hii afadhali zigawanywe kwa mwezi tangu mwanzo: ukidondosha kipande cha mwezi mzima, diski inapumua papo hapo.

Usiku ule tulikuta programu ya ripoti imeacha muamala wa hifadhidata (si wa malipo) wazi tangu asubuhi, na kwa ajili yake VACUUM haikuweza kugusa chochote kilichofutwa baada ya hapo. Tukaukata, tukaendesha VACUUM ya kawaida, tukalala. Asubuhi diski ilisoma 94. Leo bado inasoma 94, na malipo yanaingia kila dakika.