Wayo unaishia wapi? Texas, New York na kisu cha mpodiatria

Kiswahili hakijawahi kuhangaika na mpaka huu. Mguu ni mguu, kuanzia pajani hadi kwenye kucha, na anayesema "mguu unaniuma" huulizwa wapi, naye akaonyesha kwa kidole. Sheria za Marekani haziwezi kuishi hivyo. Huko sehemu inayokanyaga ina jina lake, inayopanda hadi gotini ina lake, na kifundo kilicho katikati kimewapeleka watu mahakamani.

Upande mmoja ni madaktari bingwa wa mifupa. Upande wa pili ni wapodiatria, wataalamu wanaosomea nyayo katika vyuo vyao wenyewe, nje ya shule za kawaida za udaktari. Sheria ya Texas iliwaruhusu kutibu maradhi ya wayo kwa njia yoyote, kisu kikiwemo, ila haikusema wayo unaishia wapi. Mwaka 2001 bodi iliyokuwa ikiwasimamia, ambayo wajumbe wake wengi walikuwa wapodiatria, ikajaza pengo: wayo ukahesabiwa pamoja na mifupa miwili ya muundi pale inapoungana na kifundo, na kano na misuli inayofika hapo. Vyama vya madaktari vikashtaki. Bodi ilishinda mwanzoni, mahakama ya rufani ya Austin ikapindua hukumu mwaka 2008, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kulisikiliza shauri.

Kisheria, naona mahakama ya rufani haikukosea. Bodi ikijiongezea eneo yenyewe, hiyo ni kesi ya nyani kupewa ngedere. Mpaka wa namna hiyo husogezwa na bunge. Kitabibu, hata hivyo, hoja ya wapodiatria ina uzito ambao hukumu haiuonyeshi.

Chukua mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda chini ya wayo, pale penye mzizi wa kidole gumba. Mguu umekufa ganzi, hasikii kitu. Kidonda kinasafishwa, mguu unatiwa plasta ngumu kama ya mfupa uliovunjika, kinafunga, na baada ya miezi kinafumuka palepale. Mara nyingi mchawi yuko juu zaidi: misuli ya shavu la mguu imekakamaa, kano ya kisigino inavuta, na kila hatua uzito wote unatua mbele ya wayo. Tiba mojawapo ni kuirefusha kano hiyo kwa kuichanja kidogo mahali patatu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulihusisha wagonjwa 64. Baada ya miaka miwili vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 38 ya waliorefushwa kano, na asilimia 81 ya waliotiwa plasta tu. Kidonda kiko kwenye wayo, kano inapita nyuma ya kifundo. Ukichora mpaka kwa rula chini ya kifundo, mpodiatria anayekiona kidonda kila wiki anabaki kukiosha tu.

Mabingwa wa mifupa nao hawalindi tonge tu, ingawa tonge lipo, na kwa pande zote mbili. Wao husoma udaktari mzima, kisha miaka mitano ya mafunzo ya upasuaji hospitalini; mpodiatria humaliza chuo cha miaka minne, kisha mitatu hospitalini. Na kifundo kilichosagika si kidole kilichopinda. Mtu akianguka kutoka darini, ncha ya muundi inaweza kupasuka kama ganda la yai, na ngozi juu yake ikavimba hadi kutoa malengelenge. Hapo kazi ngumu kuliko kufunga skrubu ni kujua usubiri siku ngapi kabla ya kupasua. Ukiharakisha, ngozi inaoza na chuma kinabaki wazi. Lakini hata kwa bingwa, miaka ile mitano imegawanywa kati ya nyonga, mgongo, bega na mengine. Ndiyo maana wanaotaka kubobea kwenye wayo na kifundo huongeza mwaka mmoja.

Kwetu hoja ya cheti na kisu si ngeni. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, mwaka 1963, na akina mama wengi wilayani wamejifungua salama kwa upasuaji wao. Ila wao walizaliwa na uhaba, na Houston, jiji la Texas, haina uhaba wa mabingwa.

New York ilipita njia ninayoiona bora. Sheria yake iliyosainiwa mwaka 2012 na kuanza kutumika 2014 haikuufungua mlango wa kifundo kwa kila mpodiatria. Anayetaka kupasua hapo huomba kibali maalumu, kwa ngazi mbili, kulingana na mafunzo na vyeti alivyonavyo. Mpaka umehama kidogo kutoka kwenye mfupa kwenda kwa mtu. Mabingwa watajibu kwamba vyeti vyenyewe hutolewa na chombo cha wapodiatria, na hapo ngedere anarudi tena shambani. Ndiyo maana ningetaka kibali kama hicho kiambatane na hesabu ya vifundo ambavyo mwombaji amepasua kwa mkono wake, vilivyoharibika vikiwemo, na mgonjwa aione kabla ya kusaini fomu. Sharti hilohilo liwafuate na mabingwa.