Acha Kuuza Maneno kwa Idadi

Swali la kwanza ambalo mteja mpya humwuliza mwandishi wa kujitegemea, mara nyingi hata kabla hajaeleza kazi yenyewe, ni hili: "Unatoza kiasi gani kwa neno?" Waandishi wengi hulijibu papo hapo. Bei wanayo, wameibandika kwenye wasifu wao mtandaoni, na hawahitaji kufikiri. Kwa maoni yangu, jibu hilo la haraka ndilo linalowaacha watu wengi wenye kipaji palepale miaka nenda miaka rudi: kazi tele, usingizi haba, mfukoni hamna kitu.

Anayetaka uandishi huu uwe taaluma ya kumlea, si kibarua cha kuziba pengo kati ya ajira na ajira, aache kuuza maneno kwa idadi. Najua wapo wenzangu watakaonibishia, na baadhi yao wanaandika vizuri kuliko mimi.

Tuanze na hesabu. Chukua makala ya maneno 1,000. Ukikaa kuichapa ukiwa tayari unajua unachotaka kusema, asubuhi moja inatosha. Lakini kabla ya hapo ulisoma maelezo ya mteja mara tatu ukijaribu kuelewa anataka nini. Ulitafuta mtaalamu wa kuzungumza naye, hakupokea simu, ukamtafuta mwingine. Ulimhoji, kisha ukasikiliza upya rekodi nzima ili unukuu sawasawa. Baada ya kuandika kuna marekebisho, halafu marekebisho ya marekebisho, kwa sababu bosi wa mteja ameiona makala na yeye pia ana lake la kusema. Halafu ankara. Halafu ujumbe wa kuikumbushia ankara, wa pili ukiwa na adabu zaidi ya wa kwanza, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Kati ya shughuli zote hizo, iliyolipiwa ni moja tu, ile ya kuchapa.

Kibaya zaidi, sehemu ngumu ya uandishi ni kupunguza. Rasimu ya maneno 1,000 ikishuka hadi 700 bila kupoteza hoja, hapo ndipo ujuzi ulipotumika. Kwa bei ya neno, umejikata mwenyewe karibu theluthi ya malipo kwa kosa la kufanya kazi vizuri. Fundi cherehani hatozi kwa idadi ya mishono. Angefanya hivyo, nguo zetu zote zingekuwa na mishono isiyo na kazi. Na ndivyo zilivyo makala nyingi za mtandaoni: utangulizi unaorudia kichwa cha habari, aya ya pili inayorudia utangulizi, na hitimisho linalorudia vyote viwili.

Mtindo huu tuliurithi kutoka kwenye magazeti na majarida, ambako ulikuwa na mantiki. Ukurasa una ukubwa wake, mhariri anajua nafasi iliyobaki, na maneno ndiyo kipimo cha nafasi hiyo. Mtandao uliufuta mpaka wa ukurasa lakini ukabaki na kipimo, kwa sababu ni rahisi kukihesabu. Wakatokea wenye viwanda vya makala. Demand Media, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2006, ilichunguza watu wanatafuta nini mtandaoni, kisha ikaagiza makala kwa wingi ili kujibu utafutaji huo kwenye tovuti kama eHow. Makala moja mara nyingi ililipwa dola 15 hivi. Januari 2011 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la New York ikiwa na thamani iliyozidi dola bilioni moja. Mwezi uliofuata Google ilianza kubadilisha kanuni zake za utafutaji ili kuzishusha tovuti zilizojaa makala hafifu, na miezi michache baadaye eHow nayo ikaguswa. Waliobaki bila kazi ni waandishi, ambao hawakuwa na hisa wala mkataba wa kudumu. Ujuzi walioulipiwa ulikuwa wa kujaza nafasi, na nafasi ilipokosa soko hawakuwa na kingine cha kuonyesha.

Baadaye majukwaa ya kazi, yaani tovuti zinazowakutanisha wateja na wafanyakazi huru, yakashika kasi. Fiverr ilianza mwaka 2010 kwa huduma za dola tano tano. Elance na oDesk ziliungana, na mwaka 2015 zikazaliwa upya kwa jina la Upwork. Sitayasema vibaya majukwaa haya kwa jumla. Yamemfikisha mwandishi kwa mteja ambaye asingempata maishani, na yanashika pesa ya mteja kabla kazi haijaanza, jambo ambalo wateja wengi wa moja kwa moja hulikwepa. Ila yamejengwa kwa ajili ya kulinganisha. Mteja anaona safu ya picha, nyota na bei, na ili alinganishe watu wasiojulikana anahitaji namba. Neno ni namba rahisi kuliko zote. Juu ya namba hiyo jukwaa hukata chake: Fiverr huchukua asilimia 20 ya anachopata muuzaji, na Upwork huwafanya waombaji watumie tokeni, zinazonunuliwa, ili tu waombe kazi. Ongeza gharama ya kuhamisha pesa na saa za kuandika maombi yasiyojibiwa, kisha uipige upya hesabu ya bei yako kwa neno. Wengi hawafanyi hesabu hii. Nadhani wanajua jibu na hawataki kuliona kwa macho.

Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 2022, ChatGPT ikafunguliwa kwa umma. Yamesemwa mengi kuhusu akili mnemba na waandishi, nami nina moja tu la kuongeza: haikuua uandishi, iliua bei ya neno. Kilichokuwa kikiuzwa kwa wingi sasa kinatoka kwa sekunde, bila mashaka na bila aibu. Ukishindana nayo kwa idadi umeshashindwa kabla hujafungua kompyuta.

Lakini tazama yaliyotokea Juni 2023, pale jaji wa New York alipowatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Maneno yalikuwapo, ya kutosha na yenye sura ya kisheria. Kilichokosekana ni mtu wa kuyahakiki na kusimama nyuma yake. Hicho ndicho mwandishi wa kujitegemea anachoweza kuuza leo: kwamba nilimpigia simu aliyetajwa, niliiona ripoti kwa macho yangu, na ikitokea kasoro unajua pa kunipata. Jambo hilo halina idadi ya maneno. Makala fupi yenye taarifa nyeti inaweza kuhitaji uhakiki mara nne ya makala ndefu ya porojo.

Basi mteja akiuliza bei kwa neno, mimi humjibu kwa maswali. Nani atasoma? Akishasoma, mnataka afanye nini? Nani ana kauli ya mwisho kabla haijachapishwa? Swali la tatu lina thamani kuliko yote. Makala inayoidhinishwa na mtu mmoja na makala inayoidhinishwa na kamati ni kazi mbili tofauti hata kama urefu ni uleule, na kamati nimeshaziogopa vya kutosha kujua kwamba lazima zilipiwe. Baada ya majibu hayo hutoa bei ya kazi nzima, ikieleza kilichomo: mahojiano na watu wangapi, raundi ngapi za marekebisho, lini rasimu, lini malipo, na hakimiliki inahamia kwa nani na baada ya nini. Mimi huandika kwamba inahamia baada ya malipo kukamilika. Sentensi hiyo moja imenisaidia kukumbushia ankara kuliko ujumbe wowote wa adabu.

Wapo wateja wanaoondoka hapo. Waende. Aliyekuja akitafuta maneno ya bei nafuu ana pa kuyapata, tena bure.

Bei ya kazi nzima haitoki hewani. Kwa siri yako mwenyewe lazima ujue saa yako ina thamani gani: kiasi unachohitaji kwa mwaka pamoja na kodi, bima na wiki za ugonjwa, ukigawanya kwa saa ambazo kweli unaweza kumtoza mtu. Si saa zote unazokaa mezani, maana nyingi huliwa na barua, maombi na uhasibu. Ila namba hiyo usimpe mteja. Bei ya saa nayo ina ubaya wake: humwadhibu mwenye kasi. Kadiri unavyokomaa katika kazi ndivyo unavyolipwa kidogo.

Hapa ndipo ninapoona maana ya kubobea kwenye uwanja mmoja, iwe afya, bima, kilimo au programu za kompyuta. Wanaokushauri ubobee hukuambia utaonekana mtaalamu. Labda. Faida ninayoiona mimi ni nyingine: makala ya kwanza kuhusu bima inakula wiki nzima, ya kumi unaiandika ukiwa tayari unajua vifungu gani huleta ugomvi na nani atakuelezea bila kuzungukazunguka. Maandalizi yamepungua, bei haijapungua. Anayeandika leo kuhusu magari na kesho kuhusu maziwa ya watoto huanza upya kila Jumatatu.

Sheria nayo imeanza kuamka, polepole. Jiji la New York lina sheria, inayotumika tangu Mei 2017, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi huru mkataba wa maandishi kazi ikifikia dola 800, na amlipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika ikiwa mkataba haukutaja tarehe. California iliingia kwa mguu mwingine. Sheria yake iliyoanza Januari 2020, iliyokusudia kuwalinda wafanyakazi wanaoitwa huru huku wakitumiwa kama waajiriwa, iliweka kwamba mwandishi akipeleka zaidi ya kazi 35 kwa mwaka kwa chombo kimoja hahesabiki tena kuwa wa kujitegemea. Mwenye safu ya kila wiki angevuka kikomo hicho kabla ya mwaka kwisha. Vyombo vingine vikaona ni rahisi kuwaacha waandishi wa California. Septemba mwaka huohuo kikomo kikafutwa. Hata watunga sheria, wakiutazama uandishi, kitu cha kwanza kinachowajia ni kuhesabu.

Wengi wetu tunaandikia wateja walio nchi nyingine, ambako hakuna sheria itakayotufuata. Kinga iliyobaki ni mkataba na malipo ya awali. Nusu kabla ya kuanza si kiburi. Mteja asiyeweza kutoa nusu leo sioni atakavyotoa nzima mwezi ujao.

Anayeanza ataniambia hana jina, kodi ya nyumba inasubiri, na jukwaa linataka bei kwa neno. Ni kweli, na simwambii akatae kazi. Achukue, ila aweke saa mezani na aandike kila dakika aliyotumia, ikiwamo ya kukumbushia malipo. Baada ya kazi kadhaa daftari hilo litamwonyesha ni mteja yupi anayemlipa na yupi anayemtumia, na wa kumwacha atajulikana bila kuuliza mtu.

Upande mmoja nakubali kuhesabu, nao ni tafsiri. Matini ipo mezani kabla kazi haijaanza, ugumu wake unaonekana, na mfasiri mzoefu anajua itamchukua siku ngapi. Bei kwa neno hapo haimpunji mtu, mradi yahesabiwe maneno ya matini asilia. Kwa anayefasiri kuja Kiswahili, lugha ambayo kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa, kukubali kulipwa kwa maneno ya tafsiri ni kumpa mteja punguzo ambalo hata hakuliomba.