Magari ya kifahari ya kufunua paa: hesabu ya mafuta ya Ulaya haifiki nyumbani

Wakuu habari zenu. Kila siku naona watu wa nyumbani wanatuuliza sisi tuliopo huku Ulaya, eti hilo gari la kufunua paa linaenda kilomita ngapi kwa lita, alafu mtu wa Ulaya anajibu kumi na moja bila wasiwasi, na aliyeuliza anaamini kabisa anaanza kupiga hesabu za kuagiza. Hili jibu linaumiza watu. Nimeendesha kule nimeendesha na huku, na haya magari nayapenda kuliko aina nyingine yoyote, ndo maana naona bora mtu aambiwe ukweli mapema kabla hela haijatoka.

Chukulia Mercedes SL 500 iliyotoka 2012, ile ya V8 (injini ya silinda nane) lita 4.7 yenye tabo (turbo) mbili. Karatasi za Ulaya zilikuwa zinasema lita 9.1 kwa kilomita 100, mjini na safari vikichanganywa, yaani kama kilomita 11 kwa lita. Gari hiyo hiyo Marekani inaitwa SL 550, na wao wakaipima kwa njia yao wakapata maili 19 kwa galoni kwa kuchanganya, ambayo ni kilomita 8 hivi kwa lita, na ya mjini peke yake maili 16, inashuka mpaka chini ya 7. Gari ni lile lile, kilichobadilika ni kipimo tu. Kipimo cha Ulaya cha wakati ule kilikuwa dakika 20, kilomita 11 tu, gari liko juu ya rola ndani ya chumba, AC imezimwa. Tangu Septemba 2017 kikaanza kutumika kipya kinachoitwa WLTP, hiki kina nafuu kubwa, nusu saa, kilomita 23, kasi inafika mpaka 131, lakini AC bado wanaizima na wastani wake ni kama kilomita 46 kwa saa hapo wameshajumlisha na muda wa kusimama. Sasa niambieni ukweli, nani nyumbani anaenda kazini asubuhi kwa wastani wa 46?

Hapo ndo penye tatizo lote. Huku natoka, taa mbili tatu, naingia barabara kuu, gia ya juu, injini inazunguka taratibu mpaka nafika. Kuna V8 nyingine, mfano Bentley Continental ya lita 4.0 iliyotoka 2012, ukiwa umetulia hivyo inazima silinda nne yenyewe inaendelea na nne zilizobaki. Nyumbani hiyo nafasi ya kutulia haipatikani kirahisi, unasogea mita kumi unasimama, unasogea tena, tuta, bodaboda kakatiza, breki, na kila ukikanyaga upya unanyanyua karibu tani mbili za chuma kutoka sifuri.

Na uzito wenyewe watu hawauelewi, wanadhani gari bila paa ni jepesi. Ni kinyume. Paa la kawaida ndo linashika bodi isijikunje, ukiliondoa inabidi waimarishe chini, kwenye milango na fremu ya kioo cha mbele, alafu waongeze mota na vyuma vya kukunja hilo paa. Angalia Lexus LC 500, injini V8 ya lita 5.0 na gia 10, ipo ya paa la kudumu na ipo ya kufunua, na ya kufunua imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 100. Vipimo vya Marekani vya 2021 vikaipa ya kufunua maili 15 mjini na 25 barabara kuu, ya kudumu 16 na 25. Mmeona? Barabara kuu ziko sawa, mjini ndo inadaiwa. Na 15 ni kilomita 6.4 kwa lita wakati 25 ni zaidi ya kumi na nusu, gari moja hilo hilo, kwa hiyo anayeishi kwenye foleni na anayeishi kwenye barabara iliyonyooka wakikutana kubishana wote wanasema kweli.

Kitu ambacho kingemtosha mtu kuelewa ni kukaa ndani ya V8 kwenye foleni ya saa saba mchana, paa limefungwa kwa ajili ya jua, AC inavuma, aangalie ile namba ya wastani kwenye dashibodi. Gari limesimama tuli na namba inashuka, 7.1, 7.0, 6.9, huendi popote. Injini kubwa ikinguruma tu hapo inaweza kumaliza lita moja mpaka mbili kwa saa, na hapo hujasogea hata mita moja.

Suala la mafuta yenyewe nalipitia haraka ila lina madhara. Ukiagiza gari la Marekani kitabu kinasema oktani 91 (oktani ni kiwango cha petroli kuhimili isilipuke kabla ya wakati), usiende sheli ukatafuta 91 ya kwetu, wao wanahesabu kwa njia nyingine na 91 yao inakaribia 95 ya kipimo cha RON tunachotumia sisi na Ulaya. Ukiweka ya chini injini inachelewesha cheche za plagi ili mafuta yasilipuke vibaya ndani ya silinda, nguvu inapungua, unakanyaga zaidi, ulaji unapanda.

Lakini kuna sehemu moja nyumbani tunawashinda wazungu na hakuna anayeisema. Upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili upinzani wa hewa unakuwa mara nne, kwa hiyo huku ukifungua paa kwenye 120 unalipia hiyo raha kwenye tenki, wakati kwa kasi za mjini kwetu upepo hauna cha kukudai. Asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, fungua paa, zima AC, unaokoa mafuta na unapata kile ulichonunulia gari. Huku miezi mingi baridi hairuhusu hata kufikiria, mimi paa langu linakaa limefungwa karibu nusu mwaka na inaniuma kweli.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka, mi sisemi msinunue, nunueni kabisa, ila achaneni na V8 kama maisha yenu ni ya mjini. Chukua silinda nne yenye tabo, mfano BMW 430i ya lita 2.0, na kama mfuko unaruhusu chukua ya umbo jipya lililoanza kuuzwa 2021, maana wameachana na paa la chuma wakarudi kwenye la kitambaa ambalo BMW wenyewe wanasema ni jepesi mpaka asilimia 40. Mercedes nao SL mpya wamerudi kwenye kitambaa wakapunguza kilo 21. Na anayeuza akikutajia ulaji, mwambie akupe namba ya mjini peke yake, alafu hapo toa tena kidogo kwa ajili ya AC ndo uanze kupiga hesabu ya mwezi.