Shule ikifunga saa sita na nusu mchana, mtoto aende wapi?

Ukipewa kalenda ya shule mwezi wa nane usikimbilie kuangalia likizo ya Krismasi, hiyo kila mtu anaijua. We angalia vile vijisanduku vilivyopakwa rangi tofauti katikati ya mwezi, maelezo yake yako chini kabisa kwa maandishi ya kutafutia miwani. Hizo ndo siku za kutoka mapema. Kwa watoto wa elementari, yaani shule ya msingi, maana yake basi linaondoka saa sita na nusu mchana badala ya saa tisa, na kwa mama aliyeingia kazini saa moja asubuhi maana yake ni wiki nzima ya kupiga simu huku na huku kutafuta nani atampokea mtoto.

Nipo Texas, Marekani, nina watoto elementari, na wenzangu wengi ninaokaa nao apatimenti hizi ni CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba za wazee, wengine wako maghala ya mizigo, wengine wanasafisha hoteli. Kwa hiyo ninachosema hapa nakisema nikiwa upande wao, sijifichi. Na ninachosema ni kifupi tu: hizo siku ziwepo, walimu wapate muda wao wa mikutano na mafunzo, lakini jengo lisifungwe. Mtoto asiye na pa kwenda abaki humohumo shuleni mpaka saa tisa ya kila siku, bila kulipia, chini ya mtu mzima anayejulikana. Sijaomba kikubwa zaidi ya hapo.

Walimu sina ugomvi nao kabisa. Mwalimu anayefundisha watoto zaidi ya ishirini kutwa nzima hana hata pa kupumua, akae saa ngapi na wenzake waangalie nani hajui kusoma bado, saa ngapi afundishwe mtaala mpya, saa ngapi azungumze na wazazi? Wakimwambia afanye usiku nyumbani kwake huo ni uonevu. Ukiona mzazi anawatukana walimu kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu ya hizi siku ujue anampiga aliye karibu tu, kalenda haipangwi na mwalimu, inapigiwa kura na bodi ya wilaya ya shule.

Sasa hapa kuna kitu wazazi wengi hawaambiwi. Zamani Texas shule ilihesabiwa kwa siku, siku 180. Mwaka 2015 wakabadilisha sheria, sa hizi inahesabiwa kwa dakika, dakika 75,600 kwa mwaka, na mapumziko ya watoto yamo humo humo. Ukigawanya kwa zile siku 180 za zamani unapata saa saba kwa siku. Kwa hiyo wilaya ikirefusha siku kidogo tu, tuseme dakika 10, baada ya siku 170 imeshajiwekea akiba dakika 1,700, na hizo ukizigawa kwa zile saa mbili na nusu zinazokatwa kila wakitoka mapema zinatosha siku 11. Ndo maana wanaweza kuwafungulia watoto saa sita na nusu na bado hesabu ikatimia, wala hawajavunja sheria yoyote.

Ila fikiria nani analipa. Hizo dakika 10 za ziada kila siku mimi mzazi hazinisaidii kitu, hakuna meneja atakayenipangia shifti mpya kwa sababu mtoto wangu anatoka saa tisa na dakika kumi badala ya saa tisa. Wanachukua vipande vidogo visivyo na faida kwa mtu alafu wanavikusanya wanavirudisha vikiwa shimo la saa mbili na nusu katikati ya siku ya kazi. Kwenye karatasi ni sawa kwa sawa. Nyumbani kwangu sio sawa.

Halafu wapo wanaosema shule sio deikea, yaani sio mahali pa kulelea watoto. Hii kauli naisikia sana, na anayeisema mara nyingi ni mtu mwenye kazi ya kompyuta, akiona siku ya kutoka mapema anafunga laptop anamfuata mtoto, jioni anamalizia. Sawa, shule sio deikea. Lakini kumpeleka mtoto shule sio hiari yangu, sheria inanilazimisha, na mtoto akikosa siku kadhaa bila sababu barua inakuja nyumbani yenye maneno makali. Waajiri nao wamepanga shifti zao wakijua watoto wako shule. Nchi nzima imejengwa juu ya hiyo saa ya kutoka, alafu shule yenyewe ikiibadilisha kwa mahitaji yake inanitumia meseji ya ukumbusho jioni ya siku iliyotangulia, yenye alama ya tabasamu.

Nikueleze inavyokuwa kwa ukaribu. CNA haruhusiwi kuwa na simu mkononi akiwa na mzee, simu iko kwenye loka au imenyamazishwa mfukoni. Saa saba kasoro inaanza kutetemeka. We umeshika mzee umemgeuza ubavu, huwezi kumwachia, inatetemeka inakata, inatetemeka tena. Unajua kabisa ni nani. Ni basi limefika kituoni na hamna mtu mzima, kwa sababu shule nyingi hazimshushi mtoto wa chekechea au gredi ya kwanza kama dereva hajaona mtu wa kumpokea, anamrudisha shule. Na ni utaratibu mzuri, mi naukubali, ila sasa mtoto anarudishwa ofisini anakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, begi mgongoni, na karani anayetaka kwenda kwenye mkutano wake anamwangalia kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kwa hiyo jengo liko wazi, taa zinawaka, watu wazima wamejaa ndani, na mtoto yumo humo humo. Kinachokosekana ni uamuzi tu wa kusema karibu ukae.

Tukija kwa wale wakubwa kidogo, suluhisho la nyumba nyingi ni dada. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona hatusemi. Binti wa miaka 11 au 12 ndo anakabidhiwa funguo na wadogo wawili, anaambiwa usifungue mlango, usiwashe jiko, wape nafaka na maziwa, nikifika saa kumi nataka kukuta homuweki zimefanyika. Akiwa bado elementari anatoka nao pamoja, sawa. Akiingia midosku, shule ya kati baada ya elementari, ratiba yao ni nyingine, wengi wanatoka muda tofauti kwa sababu mabasi ni yaleyale yanazunguka shule moja baada ya nyingine, kwa hiyo kuna saa nzima wadogo wako nje au kwa jirani wanamsubiri. Na huyo binti ana yake pia, ana rafiki zake, kuna kwaya, kuna mpira wa wavu, na mara nyingi mazoezi yanapangwa hizo hizo siku kwa sababu mchana uko wazi. Yeye haendi. Hakuna mtu aliyemkataza, hajaulizwa tu. Kaka yake wa umri huohuo, jamani tuseme ukweli, anaenda mpira.

Sisemi mtoto kukaa nyumbani mwenyewe ni dhambi. Texas haina umri ulioandikwa kwenye sheria kwamba chini ya hapo haachwi, tofauti na Maryland ambako wameandika wazi kwamba aliye chini ya miaka 8 haachwi nyumbani bila mtu wa kuaminika mwenye angalau miaka 13. Na mwaka 2021 hapa Texas walirekebisha sheria, kutelekeza mtoto sasa kunatakiwa kuwe na hatari ya wazi kwa mtoto, sio tu kwamba mtu kaona mtoto anacheza nje peke yake akachukia. Vizuri. Lakini nenda kamwambie hayo mama ambaye hati zake za uhamiaji bado hazijatulia. Yeye anachojua ni kwamba jirani akipiga simu, watu wa CPS, idara ya kulinda watoto, wanagonga mlango, na hata wakikuta kila kitu shwari ameshakonda. Mtoto wa mtu mwenye nyumba yenye bustani akikaa mwenyewe saa mbili wanasema anajifunza kujitegemea. Wa apatimenti ya ghorofa ya pili akikaa mwenyewe saa hizohizo ni kesi. Sheria ni moja ila simu zinapigwa kwa mmoja.

Kuna wanaosema si ulipie programu ya baada ya masomo. Nimelipia. Tatizo ni kwamba programu nyingi zimepangwa kwa saa tisa mpaka kumi na mbili jioni, siku ya kutoka mapema baadhi hazianzi mapema, nyingine zinaanza ila kwa hela ya ziada na fomu ya peke yake ambayo lazima uijaze siku kadhaa kabla, ukichelewa nafasi zimejaa. Yaani umelipia mwezi mzima alafu ile siku unayoihitaji kuliko zote ndo haimo. Na hizi siku zilizotapakaa ndo mbaya zaidi, moja mwezi wa tisa, moja kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, mbili za mikutano ya wazazi, moja siku ya mwisho. Kuna majimbo wilaya zao zinatoa mapema kila Jumatano mwaka mzima, na ingawa jumla ya saa ni nyingi, mi ningependelea hiyo mara mia, maana kitu cha kila wiki unamwambia meneja mara moja anakiweka kwenye ratiba. Cha kuvizia hakipangiki.

Basi tunarudi kwa anti. Kila apatimenti ya Waswahili ina anti wake, Mungu awabariki, yule mwenye mtoto mchanga au aliyeumia mgongo akaacha ghala, siku kama hiyo sebule yake ina watoto kumi, viatu vimejaa mlangoni mpaka huwezi kupita, katuni inawaka, na kila mama anamwachia noti ya dola kumi au ishirini. Bila yeye tungekuwa tumeshafukuzwa kazi wengi wetu. Lakini tuwe wakweli, watoto kumi kwa mtu mmoja ni wengi, na kuangalia watoto wa watu kwa malipo kila mara kuna masharti ya leseni, kwa hiyo naye anaogopa. Kile kipunguzo cha kodi cha malezi, ambacho kinahesabu gharama mpaka dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi walio chini ya miaka 13, ukikidai unatakiwa kuandika jina na namba ya kodi ya aliyekulelea, na anti hatoi namba yake, simlaumu. Na hata ungeiandika, kipunguzo kinakata kodi unayodaiwa tu, ambaye hadaiwi kodi harudishiwi kitu. Wanaokifaidi ni wale wenye laptop tena.

Ndo maana narudi palepale, jengo. Meza zipo, jimu ipo, vyoo vipo, milango inafungwa kwa usalama, mtoto anapajua. Msimamizi sio lazima awe mwalimu, kuna wasaidizi wa darasa, kuna wahudumu wa kafeteria wanaokatwa masaa siku hizo na wangefurahi kulipwa mpaka saa tisa. Chakula nacho kina njia, maana siku hizo lanchi inasogezwa mpaka kwenye saa nne asubuhi na mtoto anafika nyumbani njaa imemuuma kweli, lakini serikali kuu inarudisha gharama ya vitafunio kwa shule yenye programu ya baada ya masomo iliyo na shughuli za kuelimisha, na pale ambapo angalau nusu ya watoto wa eneo wanastahili chakula cha bure au cha bei nafuu, wote wanapewa bure. Weka michezo ya hesabu na vitabu kwenye ile kafeteria, umeshapata shughuli za kuelimisha.

Na sio ndoto. Hawaii walianzisha programu ya baada ya masomo kwa elementari za jimbo zima mwaka 1990. California wananchi walipiga kura mwaka 2002 kuongeza hela za programu hizo, na zile zinazopokea hela hiyo zinatakiwa zianze mara tu masomo ya kawaida yakiisha na zisifunge kabla ya saa kumi na mbili jioni, kila siku ya shule. Hiyo "mara tu masomo yakiisha" ndo sentensi ninayoitaka mimi, kwa sababu haijali masomo yameisha saa tisa au saa sita na nusu, inafuata kengele.

Kalenda ya mwaka ujao huwa inapitishwa miezi mingi kabla, sisi tukija kulalamika mwezi wa nane imeshachapishwa. Kwa hiyo mkiona kalenda iko kwenye ajenda ya bodi, njooni. Texas tangu 2019 bodi inalazimika kusikiliza mwananchi anayetaka kuzungumzia jambo lililo kwenye ajenda, na anayezungumza kupitia mkalimani anapewa muda mara mbili, wakitoa dakika tatu kwa mtu wewe una sita. Mama zangu mnaosema Kiingereza chenu hakitoshi, hizo dakika ni zenu, msizikimbie. Njooni na ratiba zenu za kazi zilizochapishwa, wazione saa za shifti kwa macho yao, alafu tuwaulize ile kafeteria siku hizo inafungwa saa ngapi na kwa sababu gani.