Mkoba wa Kahawia na Simu Isiyo na Jina

Alasiri ya Aprili 22, 1987, simu ililia kituo cha polisi cha Montgomery, jimbo la Alabama. Mpigaji hakujitaja. Alisema mwanamke fulani atatoka kwenye nyumba fulani ya kupanga, ataingia kwenye Plymouth ya kahawia yenye taa ya nyuma iliyovunjika, ataelekea Dobey's Motel, na kwenye mkoba wa kahawia atakuwa na aunsi moja ya kokeini. Askari wakaenda kuvizia. Mwanamke akatoka, mikono mitupu, akaingia kwenye gari lile, akashika njia ile. Wakamsimamisha kabla hajafika, naye akawaruhusu wapekue. Mkoba ulikuwemo garini, na ndani yake mlikuwa na bangi. Baadaye, kituoni, pochi yake ikakutwa na kokeini ya miligramu 3.

Tusimame hapo kidogo kwenye hesabu. Aunsi moja ni gramu 28 na ushee, yaani zaidi ya miligramu 28,000. Mpigaji alikosea karibu mara 10,000 kwa jambo lilelile alilolipigia simu, na hata hizo miligramu 3 hazikuwa kwenye mkoba alioutaja. Alichopatia ni rangi ya gari, taa mbovu na safari ya alasiri: mambo ambayo jirani, wifi mwenye kinyongo au mpenzi aliyeachwa anayajua bila kuwa kachero. Hata hivyo mwaka 1990, katika Alabama v. White, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba simu hiyo, ikijumlishwa na yale askari waliyoyaona kwa macho, ilitosha kumsimamisha mtu barabarani. Walikiri wenyewe kuwa mizani ilikaribia kulingana. Jaji John Paul Stevens, aliyekataa, alionya kwamba sasa raia yeyote anaweza kusimamishwa na askari yeyote aliye tayari kuapa kuwa alipigiwa simu iliyotabiri jambo ambalo askari huyohuyo amelishuhudia punde.

Nimeanza na mkoba huo kwa sababu mjadala wa kesi za madai dhidi ya polisi wa Marekani, zile za watu waliosimamishwa na kupekuliwa kisa “kuna mtu katwambia”, huwa unaanzia mwisho. Unaanzia kwenye hela. Zinasikika habari kwamba jiji fulani limelipa mamilioni, na watu wanaguna: kama ulikuwa na mzigo unadai nini, na kama hukuwa nao umepoteza nini zaidi ya dakika 20?

Upande wa polisi una hoja nzito. Mwizi akivunja nyumba, mwenye nyumba huenda kituoni. Lakini muuza unga na mnunuzi wake wote wameridhika, na hakuna wa kulalamika. Asipokuwepo wa kunong'ona, polisi ni kipofu. Tena nchi yenyewe imekuwa ikizika: mwaka 2021, 2022 na 2023, kila mwaka watu zaidi ya 100,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa. Na wapo watoa taarifa wa kweli. Mwaka 1956, Denver, mtu aliyekuwa akilipwa na makachero wa serikali kuu alisema James Draper atarudi kwa treni kutoka Chicago na heroini. Akataja nguo atakazovaa, begi la zipu atakalobeba, hata kwamba hutembea haraka haraka. Siku ikafika, mtu akashuka, nguo zilezile, mwendo uleule, na heroini alikuwa nayo. Mtoa taarifa yule alifariki siku 4 baadaye, hakuwahi kuhojiwa mahakamani. Askari angefanya nini, aache treni na abiria wapite kwa kuwa hana hati?

Sina ugomvi na kukamatwa kwa Draper. Ugomvi wangu ni na somo ambalo majaji wamelichota humo. Tazama hukumu zilizojenga sheria hii. Draper, 1959: heroini ilikutwa. Adams v. Williams, 1972, Bridgeport: mtu anayefahamika kwa sajenti alimnyooshea kidole aliyekaa kwenye gari usiku wa manane, na bastola na heroini vikakutwa. Alabama, tumeona. Navarette v. California, 2014: simu ya dharura ilisema pikapu imemsukuma mtu nje ya barabara, askari walilifuata kwa takriban dakika 5 bila kuona kosa, wakalisimamisha, na pauni 30 za bangi zikakutwa. Kila mara kimekutwa kitu. Wala si bahati. Aliyekutwa na kitu ndiye anayeshtakiwa, na ndiye mwenye sababu ya kumwomba jaji aukatae ushahidi. Aliyekutwa na mswaki na risiti za duka hurudi kwake akiwa na hasira na shati lililokunjamana, na jaji wa jinai hatamwona maishani. Kuwapima watoa taarifa kwa kesi hizi ni kama kumpima mganga kwa wagonjwa waliorudi kumshukuru.

Jaji Robert Jackson wa Mahakama ya Juu, yule aliyeongoza mashtaka ya Marekani dhidi ya viongozi wa Nazi kule Nuremberg, aliliona hili mapema. Mwaka 1949, akipinga uamuzi wa wenzake katika kesi ya Brinegar, alisema anaamini upo upekuzi mwingi haramu wa nyumba na magari ya watu wasio na hatia, usiokuta chochote, ambao mahakama hazifanyi lolote juu yake wala hazipati kuusikia.

Kwa mtu huyo wa mswaki, njia iliyobaki ni kesi ya madai. Sheria yenyewe, inayomruhusu mtu kumdai fidia ofisa aliyevunja haki zake, ni ya 1871, ya enzi za Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na ilifufuliwa kwa polisi mwaka 1961 katika Monroe v. Pape. Wanaoiona kama mrija wa fedha za wajanja wasahau kidogo fedha, watazame kile ambacho kesi ya aina hii ilikianika New York. Katika kesi ya Floyd dhidi ya Jiji la New York, iliyoamuliwa na Jaji Shira Scheindlin mwaka 2013, fomu za polisi wenyewe zilimwagwa mezani: watu walisimamishwa mara milioni 4.4 kati ya Januari 2004 na Juni 2012. Nyingi hazikutokana na taarifa ya mtu, askari walijionea wenyewe au walidai hivyo, kwa hiyo sizitumii kuwahukumu watoa taarifa. Nazitumia kwa namba moja tu: 88. Katika kila mara 100, mara 88 mtu aliachiwa aende, hakuna kukamatwa, hakuna hata hati ya kuitwa mahakamani. Silaha ilipatikana mara 1.5 katika kila watu 100 waliopapaswa.

Hao 88 ndio watu wa Jackson. Zaidi ya mara milioni 3.8, na mahakama za jinai za jiji hilo hazikuwa na namna ya kuwahesabu, maana hakuna aliyeletwa. Polisi walikuwa na fomu, lakini aliyelazimisha zisomwe kwa sauti mahakamani ni mlalamikaji wa madai. Meya Michael Bloomberg alitabiri damu. Kusimamishwa kukashuka kutoka 685,724 mwaka 2011 hadi chini ya 23,000 mwaka 2015. Mauaji yalikuwa 515 mwaka 2011, na mwaka 2017 hayakufika 300. Mwaka 2020 yalipanda tena, kama karibu kote Marekani, na wapo wanaouegemea mwaka huo. Unaegemeka kwa shida, kwa kuwa miaka kadhaa ya utulivu imekaa katikati.

Tatizo ni kwamba kesi kama Floyd ni adimu. Anayedai peke yake hukutana na kuta. Ya kwanza ni kinga ya askari: halipi mpaka ionyeshwe kuwa hukumu za nyuma zilikwisha kuiweka wazi haki aliyoivunja. Hukumu hizo zitoke wapi, kama wasiokutwa na kitu hawafiki kwa jaji? Mwaka 2009 ukuta ukaongezwa tofali, na safari hii kwa kesi ya mtoa taarifa hasa. Huko Utah polisi waliingia nyumbani kwa mtu bila hati baada ya msiri wao kununua dawa ndani. Hatia yake ikafutwa, akadai fidia. Katika Pearson v. Callahan, Mahakama ya Juu iliwapa askari kinga, ikasema pia majaji wanaweza kuruka kabisa swali la kama haki ilivunjwa na kumalizia kwenye kinga. Swali lililorukwa leo halitakuwa wazi kesho.

Ukuta wa pili ni jina. Tangu McCray v. Illinois, 1967, polisi halazimiki kumtaja mtu wake wakati inapobishaniwa kama alikuwa na sababu ya kukamata. Tusiwacheke Wamarekani: kanuni ni ya Kiingereza, na sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, zilizonakiliwa kutoka ile ya India ya 1872, nazo hazimlazimishi askari kusema habari za kosa kazipata wapi. Sababu yake inaeleweka, snichi akijulikana huzikwa. Ila siri hiyohiyo inamficha mtoa taarifa ambaye hakuwahi kuzaliwa. Houston, Januari 2019, mtu alipiga simu ya uongo kuhusu majirani zake. Askari Gerald Goines akaapa kuwa msiri wake amenunua heroini mle ndani. Msiri huyo hakuwepo. Polisi wakavamia, mume na mke wakauawa nyumbani kwao. Mpigaji simu alifungwa, na Goines alihukumiwa miaka 60 mwaka 2024. Uongo ule ulichimbuliwa kwa sababu kulikuwa na maiti 2. Wangesimamishwa tu barabarani wakapekuliwa na kuachiwa, nani angeuliza msiri ni nani?

Wa tatu ni wa kuchekesha kama si wa kuudhi. Dakika 20 zako barabarani zina bei gani? Pasipothibitika madhara, jibu la sheria ni fidia ya jina tu, dola 1. Na katika Farrar v. Hobby, 1992, kesi isiyohusu polisi, mtu alidai dola milioni 17 akaambulia dola 1. Mahakama ikasema mshindi wa namna hiyo kwa kawaida wakili wake hastahili kulipwa ada na aliyeshindwa. Wakili gani mwenye kodi ya ofisi atalichukua shauri lako?

Wapinzani wa kesi hizi wana karata moja ninayoikubali. Profesa wa sheria Joanna Schwartz alipekua malipo ya kesi za haki za kiraia dhidi ya polisi, akakuta serikali zililipa asilimia 99.98 ya fedha zote. Aliyepapasa hatoi senti, analipa mwenye nyumba anayekatwa kodi. Lakini namba hiyo inakata kuwili, kwa sababu kinga ilitetewa miaka yote kwa hoja kwamba askari atafilisika.

Colorado ilijaribu njia nyingine mwaka 2020: katika mahakama za jimbo kinga hiyo haipo, wakili wa mshindi hulipwa ada yake, na askari aliyetenda bila nia njema huchangia mfukoni mwake, asilimia 5 au dola 25,000, iliyo ndogo. Denver ni mji mkuu wa jimbo hilo. Abiria anayeshuka leo kwenye stesheni aliyoshukia Draper, begi likafunguliwa na kukutwa na nguo chafu tu, ana pa kwenda kushtaki. Mradi aliyemfungua begi awe askari wa jimbo au wa jiji. Kachero wa serikali kuu, kama yule aliyeongoza ukamataji wa Draper, sheria hiyo haimgusi.