Maduara ya 2:8:8 na ukaidi wa potasiamu

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili achore atomu ya sodiamu, atakuchorea hata kabla hujamaliza sentensi: kiini katikati, maduara matatu kukizunguka, elektroni 2, kisha 8, kisha 1. Akifika kidato cha tano na akachagua kemia, anaambiwa maduara yale hayapo. Elektroni haina njia inayopita. Ina obitali, yaani eneo inamoweza kupatikana; ina uwezekano, ina wingu. Ndipo baadhi ya walimu wanapouliza: kwa nini tulimfundisha kitu cha kuja kukifuta? Wengine wanawajibu kwamba bila kitu hicho asingefika kidato cha tano.

Wanaotaka mchoro ufutwe wana hoja nzito. Mchoro huo asili yake ni Niels Bohr, mwaka 1913, miaka miwili tu baada ya Rutherford kuonyesha kwamba atomu ina kiini kidogo na kizito. Shida ilikuwa hii: kitu chenye chaji kikizunguka hutoa mnururisho na kupoteza nishati. Kwa fizikia ya zamani, elektroni ya haidrojeni ingeangukia kiini kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde kupita. Bohr akaamua tu kwamba katika mizingo fulani elektroni haipotezi chochote. Kwa haidrojeni uamuzi huo ulijibu vizuri ajabu, hadi ule mstari wake mwekundu wa nanomita 656. Lakini heliamu, yenye elektroni mbili tu, ikamshinda.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaleta hesabu inayoichukulia elektroni kama wimbi. Fikiria uzi wa gitaa uliofungwa pande mbili: hautoi sauti yoyote unayoitaka, hutoa zile tu ambazo mawimbi yake yanaenea sawasawa katika urefu wake. Ngazi za nishati zinatoka humo zenyewe, bila amri ya mtu. Na lile swali la kwa nini elektroni haianguki linapata jibu: ukilibana wimbi likae karibu zaidi na kiini, nishati yake ya mwendo inapanda haraka kuliko faida inayotokana na mvuto. Mizani inatulia penye nanomita 0.053 hivi, umbali uleule alioupata Bohr, ila sasa ni umbali wenye uwezekano mkubwa kuliko mwingine, si barabara.

Sasa wasikilize watetezi wa maduara. Hesabu ya Schrödinger hutatuliwa kikamilifu kwa atomu yenye elektroni moja. Kuanzia heliamu ni makadirio, na baadaye ni kazi ya kompyuta. Kijana wa miaka 15 anataka kujua kwa nini sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huipokea, hadi tukapata chumvi. 2:8:1 na 2:8:7 zinamjibu kwa dakika tano.

Tena wingu nalo linapotosha, na hapa nawaunga mkono kabisa. Mfano unaopendwa darasani ni pangaboi: likizunguka kwa kasi, huoni mapanga, unaona sahani ya ukungu. Mfano mtamu, lakini haufai. Unarudisha kimyakimya elektroni inayozunguka, eti macho yetu ndiyo mazito. Haidrojeni ikiwa katika hali yake ya chini kabisa ya nishati, elektroni yake haina kabisa mzunguko wa aina hiyo. Wala si kwamba elektroni imepondwa ikawa unga uliotawanyika: kila inaponaswa na chombo, hunaswa nzima, na chaji yake yote.

Kwangu mimi, potasiamu ndiyo inayoamua kesi hii. Ina elektroni 19. Ngazi ya tatu, yaani duara la tatu, ina nafasi 18, basi kwa nini tusiandike 2:8:9? Tunaandika 2:8:8:1, na mwanafunzi akiuliza anaambiwa ndiyo kanuni. Nami niliambiwa hivyo. Jibu liko kwenye umbo la mawimbi: wimbi la ngazi ya nne lililo rahisi kuliko yote hupenya hadi karibu na kiini na kuonja mvuto wake, ilhali yale ya ngazi ya tatu yaliyobaki wazi hukaa mbali nacho. Kwa elektroni ya 19, huko juu ndiko kwenye nafuu. Maduara hayana hata lugha ya kulisema hilo.

Halafu kuna potasiamu-40, aina ya potasiamu ambayo kiini chake huoza, nayo imo hata kwenye ndizi. Kwa kuwa wingu la elektroni za ndani linafika hadi ndani ya kiini chenyewe, mara nyingine kiini humeza elektroni moja, protoni ikageuka neutroni, na potasiamu ikawa agoni. Takriban atomu moja katika kila kumi zinazooza huishia kuwa agoni, nyingine huwa kalsiamu. Gesi hiyo ya agoni ikinaswa ndani ya mwamba wa volkano, inakuwa saa: kadiri inavyorundikana, ndivyo mwamba ulivyo mkongwe. Kwa saa hiyo, mwaka 1961, matabaka ya Olduvai alikopata Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959 yalikadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75. Elektroni ya kwenye duara, isiyowahi kugusa kiini, isingetupa saa hiyo.

Basi sitayafuta maduara. Nitayaita daftari la hesabu: elektroni ngapi, ngazi ipi. Nikishaandika 2:8:8:1 ubaoni, mistari ya duara naifuta na duster mbele yao, namba zinabaki. Na atakayeuliza kuhusu 2:8:9 sitamjibu kwamba ndiyo kanuni. Nitamwambia ameona mahali daftari linapoishia, na kinachofuata ni mawimbi.