Hatujazoea vita

Juzi nilikuwa msibani hapa Nairobi. Mzee mmoja aliposikia natoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, alinipa pole, kisha akaongeza: "Lakini nyinyi vita mmeshazoea." Ni mtu mzima, nikamwitikia na kunyamaza. Lakini limenikaa kooni tangu siku ile.

Hatujazoea. Mimi nimekulia Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenye nyumba zilizobanana mlimani, mvua ikinyesha tope la jirani wa juu linaingia kwenu. Jioni tulikuwa tunatazama wavuvi wakiingia Ziwa Kivu: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa za kuvutia samaki zinawaka, wanaume wanaimba ili makasia yaende pamoja. Asubuhi sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ziko sokoni, bado zinang'aa, na mchana tunazila na bugali na pilipili kali. Hayo ndiyo tuliyoyazoea.

Vita vililetwa, na vina tarehe. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walifurika kwetu, na kati yao walikuwamo waliotoka kuua, silaha bado mikononi. Oktoba 1996 mji ukatekwa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiililia dunia itutazame, akauawa tarehe 29. Agosti 1998 vikaanza vingine. Juni 2004 waliingia waasi wa Nkunda na Mutebutsi, wanawake wakabakwa majumbani mwao. Februari 2025 ikawa waasi wa M23, wiki chache tu baada ya kuteka Goma. Kila mara kuna aliyepanga, kuna aliyetoa silaha, kuna aliyevusha askari mpakani. Ukisema tumezoea, hao wote umewasamehe bila kuwauliza kitu, na vita vinageuka kama mvua ya masika, isiyo na mwenyewe.

Mama mdogo wangu bado yuko kule, anauza vitenge. Mji ulipotekwa benki zilifunga, wateja wake wakabaki na pesa wasizoweza kuzigusa. Mwanawe mdogo akakataa kuvua viatu usiku. Analala navyo, kamba zimefungwa, ili mbio zikianza asichelewe. Mtoto huyo amezoea nini?

Ndiyo, na wetu wana mzigo wao, sitakataa. Askari wa serikali waliuacha mji, maghala yakaporwa, na sote tunajua jinsi mshahara wa mwanajeshi unavyoliwa kabla haujamfikia. Ni aibu yetu. Lakini aibu hiyo haimpi mtu yeyote ruhusa ya kuja kututawala kwa bunduki.

Ninachotaka ni mahakama. Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, anayewatibu wanawake waliobakwa, ameidai miaka yote hii, na Nobel ya Amani ya 2018 haikumnyamazisha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili uliofanyika Kongo iko wazi tangu 2010: matukio 617, kuanzia 1993 hadi 2003, mahali na tarehe zimeandikwa. Mahakama ya kuwahukumu waliohusika haijaundwa hadi leo.